Boti ya chakula cha jioni Kigoma: kabla hujanunua meza

Swali: Shikamoo nahodha. Mimi ni kijana wa Mwanga, hapa Kigoma. Mwaka jana nilipelekwa Ufaransa kwa mafunzo ya wiki mbili, na jioni moja tukapandishwa boti inayotembea mtoni huku watu wanakula. Ikatupitisha kwenye mnara wa Eiffel na majumba yao yote yenye sifa. Nimerudi na wazo. Ninayo boti ya mbao ya mita 14 na mashine ya kupachika ya farasi 40. Nataka nitoke mjini saa moja jioni, niwapitishe wageni bandarini, kwenye meli ya Liemba, stesheni, halafu Ujiji kwa Livingstone, wakiwa wanakula mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, turudi saa nne usiku. Nitapakia watu arobaini, wengine juu ya paa ili waone vizuri, na spika mbili. Kuna kasoro gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wazo halina ubaya, ila umelileta na mizigo ya kule lilikotoka. Kasoro kubwa ni tatu: saa uliyochagua, njia uliyochagua, na lile paa. Mgebuka hauna kosa lolote.

Nimeendesha vyombo kwenye Ziwa Tanganyika hili miaka thelathini na moja, na boti kama hiyo ya Paris nimewahi kuipanda mara moja, kwa hela ya wenyeji wangu. Wenzangu walitazama majumba, mimi nikamtazama nahodha. Ana kazi rahisi yule bwana. Mto Seine umekatiza katikati ya mji, na mji umejengwa kuutazama mto, kwa hiyo ukikaa kitini pako kila kitu kinakujia chenyewe. Mkielekea kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto, kushoto mnaipita Louvre, jumba la makumbusho, kulia mnaipita Orsay, jumba jingine la makumbusho ambalo zamani lilikuwa stesheni ya treni. Mbele ni kanisa la Notre-Dame, lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Unapita chini ya Pont Neuf, maana yake "daraja jipya", na hilo jipya lilimalizika mwaka 1607, hakuna lililosimama pale ambalo ni kongwe kuliko hilo. Kingo zote mbili zina taa. Maji yenyewe yamezuiwa kwa malango, kina hakipandi na kushuka ovyo, na wimbi pekee unalolisikia ni la boti nyingine iliyopita. Ule mnara nao humetameta kwa dakika tano kila saa ikigonga usiku, na nahodha anapanga mwendo wake awe hapo saa ikigonga. Akiikosa ya saa tatu, ipo ya saa nne.

Sasa njoo Kigoma. Sisi mji uko upande mmoja tu wa maji, upande wa pili ni Kongo. Giza likiingia, kinachoonekana kutoka ziwani ni taa za bandari na vitaa vichache mlimani. Stesheni yetu ni jengo la kujivunia, limesimama mwishoni mwa reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914, lakini usiku kutoka majini huwezi kulitofautisha na ghala. Na la Livingstone ndilo litakalokuletea ugomvi na wageni, kwa sababu mnara wake wa kumbukumbu hauko majini. Uko ndani ya Ujiji, juu ya mwalo, mtu anatembea kwa miguu kuufikia. Stanley alimkuta mzee yule Ujiji mwaka 1871 karibu na maji, lakini ziwa la leo halikai pale lilipokaa siku ile. Utawavusha watu gizani, uzunguke rasi ya Bangwe na kuipita Katonga, mashine ikinywa petroli (ya farasi 40 ukiibana mpaka mwisho inamaliza lita 15 kwa saa au zaidi), halafu uwaoneshe nini? Miembe gizani? Ujiji wapeleke asubuhi kwa gari. Hiyo ni biashara nyingine, na ni nzuri.

Sasa saa. Huku magharibi jua linazama karibu na saa moja jioni, takriban dakika arobaini baada ya Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Hiyo ni zawadi ya bure ambayo wageni wa kutoka Dar hawaitarajii. Wewe unataka kuanza safari saa moja, yaani unafungua mlango mchezo ukiwa umekwisha. Mnara wa Eiffel unarudia kila saa, jua letu linazama mara moja na halimsubiri aliyechelewa na mkoba wake. Ondoka saa kumi na moja na robo. Andika kwenye tiketi "saa kumi na moja kamili", unawajua watu wetu.

Ukiondoka saa hiyo, bandari inakuwa na mwanga wa ubavuni, na hapo ndipo unapowasimulia Liemba ikiwepo gatini. Isimulie taratibu, usiiharakishe, maana hakuna mji wowote wa Ulaya wenye hadithi kama hii. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapahapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi nzito, kama mtu anayezamisha kitu anachotarajia kukirudia. Waingereza ndio walioirudia. Wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Usisome kwenye karatasi. Fika usawa wake, punguza mwendo, funga mdomo kwanza wapige picha, ndipo uanze.

Juu ya kilima utawaonesha jumba la Kijerumani ambalo sasa ni Ikulu ndogo, maneno mawili yanatosha, kisha geuza pua kuelekea mdomo wa ghuba.

Njia yako iishie ndani ya ghuba. Najua inaonekana fupi. Lakini rasi ya Bangwe inakukinga na upepo wa kusini, ambao miezi ya kiangazi ndio unaotawala ziwa hili, na ukitoka nje ya rasi ndipo unapojua kwamba haya si maji ya mto. Ziwa lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake, na kina hicho hakianzii mbali. Kuna mahali ukitupa nanga hatua chache kutoka kwenye mwamba, kamba inaisha na nanga bado inaning'inia. Nahodha wa Seine hajawahi kulifikiria hilo maishani mwake. Wewe inabidi utafute, mchana, kwa kamba yenye jiwe na mafundo kila mita mbili, kipande cha mchanga chenye kina cha mita tano mpaka nane ndani ya ghuba, na kamba yako ya nanga iwe angalau mara tano ya kina hicho. Tafuta vipande viwili, kimoja cha upepo wa huku na kingine cha upepo wa kule. Hivyo vipande viwili vina thamani kuliko spika zako zote.

Kwa nini nanga? Kwa sababu watu watakula boti ikiwa imesimama. Hilo sikubaliani na mtu yeyote kulipunguza. Watazame boti ikitembea, wale boti imesimama. Kule Paris wanakula wakitembea kwa kuwa maji yao yametulia kama ya beseni. Huku kijiwimbi kidogo tu cha ubavuni kinatosha kumwagia mgeni mchuzi wa mawese kwenye shati jeupe.

Na sasa paa, hapa utanivumilia. Mwaka mmoja nilikodiwa kuendesha boti ya mtu kwa sherehe ya kumuaga bibi harusi. Watu walikuwa ishirini na kitu, meza ndefu katikati, jiko la mkaa nyuma, na mama mmoja anakaanga ndizi kwenye sufuria ya mawese. Jua likaanza kugusa milima ya Kongo, jekundu kama kaa. Mtu akapiga ukelele, "Jamani, tazameni!" Wakainuka wote na simu zao, wakaenda kushoto. Kitu cha kwanza nilichokiona ni chupa ya pilipili mezani. Ilianza kubingirika, taratibu kabisa, ikapita kati ya sahani mbili bila kuzigusa, ikafika ukingoni ikadondoka. Ndipo sahani zikaifuata. Nikatazama ubavu, maji yalikuwa vidole vinne kutoka kwenye ukingo. Yule mama alikuwa ameikumbatia sufuria kwa kanga, mawese ya moto yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, hataki yamwagikie watoto. Sikupiga kelele, kwa sababu ukipiga kelele watu wanakimbilia upande wa pili, na boti inarudi kwa nguvu mara mbili. Nilizima mashine nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, wakae chini pale pale waliposimama, sakafuni. Wakakaa. Boti ikanyooka. Kovu la yule mama lipo mpaka leo, na mwenye boti hakumlipa hata senti.

Piga hesabu. Watu kumi wa kilo sabini ni kilo 700, yaani mifuko 14 ya saruji inayohama yenyewe kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili bila kukuuliza. Wapandishe hao kumi juu ya paa, uzito unakaa juu, na chombo kinapoanza kulala hakina cha kukirudisha. Meli ya kivuko ya MV Nyerere, kule Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati ya kisiwa cha Ukara, na abiria wengi kuliko 101 walioruhusiwa, ikielezwa kuwa watu walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Zaidi ya watu 200 walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu. Na usidhani ni sisi tu. Budapest, Hungaria, 29 Mei 2019, usiku wa mvua, boti ya watalii ya Hableány iligongwa na meli kubwa kwenye mto Danube karibu na daraja la Margaret, ikazama kwa sekunde chache. Ndani walikuwa watu 35, wakaokolewa saba. Walikuwa wamekwenda kutazama majengo yenye taa, kama hao wako.

Kwa hiyo paa libaki la kivuli. Watu arobaini uwasahau. Ukiipeleka boti kukaguliwa na TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, cheti ndicho kitakachokuandikia idadi, na wahudumu wako uwahesabu nao. Kwa boti ya ukubwa wako yenye meza, mimi nisingezidi wageni kumi na sita hata karatasi ikiniruhusu zaidi. Meza iwe moja, katikati, imefungwa kwa boliti. Mabenchi nayo yafungwe. Kila mtu jaketi okozi mwilini, si chini ya benchi, nunua yale membamba yanayojaa hewa yenyewe kama unaogopa yataharibu picha. Kabla hujaondoka waambie maneno haya: "Jua likizama, nitaigeuza boti ili pande zote mbili muone. Hakuna haja ya kuinuka." Halafu kweli uigeuze. Hiyo ndiyo adabu ya nahodha wa watalii.

Chakula kipikwe nchi kavu. Moto wa mkaa kwenye boti ya mbao yenye petroli sitaki hata kuujadili. Mgebuka uchomwe saa kumi, ufungwe kwenye majani ya mgomba na uingie kwenye chombo cha kutunza joto, saa mbili baadaye bado una moshi wake. Sombe, yaani kisamvu, inasafiri vizuri, tena ikikaa inakolea. Dagaa wa kukaanga waweke mezani mapema, ni kitu cha kutafuna wakati wa kutembea. Ugali wa muhogo uache, ukipoa unakuwa tofali, weka ndizi au wali. Mchuzi uwe mzito.

Wageni wako wengi, kama si wazungu wanaokuja hifadhi ya Gombe kuona sokwe, watakuwa watu wa hapa na wafanyakazi wa ofisini waliohamishiwa Kigoma. Wengi wao ni Waislamu. Swala ya Magharibi inaingia jua likizama, wakati uleule unaowauzia. Ukilipuuza hili, watu wa Ujiji hawatakupanda mara ya pili. Mimi ningechagua kile kipande cha nanga kiwe karibu na ufuko wenye mchanga, anayetaka ashushwe kwa mtumbwi mdogo, aswali, arudi, chakula ndipo kifunguliwe. Dakika ishirini hivi. Na mwezi wa Ramadhani usifunge biashara: weka futari majini, tende na uji kwenye vikombe vyenye mfuniko, jua likizama kila mtu anaona kwa macho yake.

Baada ya chakula ndipo linakuja lile ambalo Paris hawana. Kule nje ya ghuba, taa ya kwanza ya wavuvi inawaka. Halafu ya pili. Ukigeuka tena unakuta mji mzima umejengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, mwanga wake wa njano unatetemeka. Sasa nyingi ni taa za betri na sola, nyeupe. Waeleze wageni kinachotokea chini yake: dagaa wanaufuata mwanga, mgebuka unawafuata dagaa, mtu anavuta wavu. Waliokula mgebuka nusu saa iliyopita watakusikiliza vizuri. Usiwasogelee wavuvi. Watazameni kwa mbali, wako kazini.

Lakini taa hizo zina kalenda, na usipoijua utauza kisichokuwepo. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu mwanga wa taa haushindani na mwezi. Wiki hiyo uza mwezi, usiuze taa. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Ni miezi ileile wageni wa Gombe wanapofika kwa wingi, ziwa jeusi na mgebuka bei ya juu. Ulizia mapema tarehe za mwaka wako, na kipindi hicho badilisha chakula. Agosti na Septemba nako moshi wa kuchoma mashamba unaificha milima ya Kongo. Jua linakuwa zuri ajabu, ila usiahidi milima. Masika, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo, au umeona wingu jeusi limekaa na radi, rudisha hela za watu. Anayerudishiwa hela leo atakuja kesho.

Kurudi, utaendesha gizani, na hapa boti za chakula zina ugonjwa wake. Jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza, na taa moja ya simu kuliharibu. Meza ikiwaka kama harusi, wewe usukani huoni mtumbwi usio na taa ulio mbele yako, na mitumbwi isiyo na taa ipo. Weka taa ndogo za njano chini ya ukingo wa meza, zimulike magoti. Wageni nao wataona zaidi: kule Paris nilikula saladi nzima nikitazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo, mpaka mhudumu alipopunguza mwanga. Taa zako za sheria ziwake, nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma na nyeupe nyingine ya mlingoti, na kijana mmoja akae puani, asiwe mhudumu wa vinywaji. Orodha ya majina ya waliopanda iache nchi kavu kwa mtu anayejua utarudi saa ngapi, na polisi wanamaji wajue ratiba yako. Tuko mpakani, boti inayozunguka usiku bila taarifa inaulizwa maswali.

Choo. Hakuna aliyekuuliza, lakini masaa matatu majini na soda ni mengi. Nunua kile cha kubebeka, kizungushie pazia nyuma, ukimwage nchi kavu. Mji huu unakunywa maji ya ziwa hilihili.

Bei usiipange kwa kichwa, uza boti nzima kwa jioni, wao wagawane. Siku wakija wanane mafuta ni yaleyale.

Ulitaja spika mbili. Moja ndogo, kwa ajili ya sauti yako unaposimulia Liemba, na izimwe chakula kikiisha. Sauti majini inafika mbali, wavuvi watakulaani. Zima na mashine. Ikizimwa, usiku ukiwa umetulia, wageni watawasikia wavuvi wakiitana kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine, mmoja anauliza sigara, mwingine anacheka, na hakuna mgeni wako atakayeulizia muziki.